Mstari Mmoja kwa Mabega Mawili

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Naanza na hilo usije ukasema sikukwambia. Mteja akija kwenye banda langu pale Mabatini akasema, "Mama, nichoree haraka haraka, nina safari," namrudishia picha zake na kumwelekeza kwa watu wa kuchapa. Wako wengi mtaani na mashine zao hazinuni. Mimi nanuna. Lakini watu wanarudi, kwa sababu mashine ya mtaani haijui kumketisha bibi aliyefariki karibu na mjukuu ambaye hakumkuta. Mimi najua.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Wananiletea picha ya kitambulisho, picha ya harusi iliyoliwa na mchwa pembeni, na nyingine iko kwenye simu. Nawakusanya wote, nawaketisha, nawafanya ukoo mmoja ubaoni kwa rangi ya mafuta. Kabla ya rangi lazima nichore kwa penseli kwenye karatasi ya manila, si chini ya mara tatu. Wateja wanaidharau sana hiyo michoro ya penseli. "Mbona hawana macho?" "Mbona wako uchi?" Nawaambia wakae chini watulie. Kwangu sura zinakuja mwishoni, na nguo zinakuja mwisho kabisa. Kwanza nataka kujua hawa watu wanakaaje wakiwa pamoja, na hilo halisemwi na macho wala shati. Linasemwa na mstari.

Nitakueleza ninavyolielewa mimi, maana sikusomea popote, nilianza kwa kuandika majina ya maduka. Ukichora watu wawili, kila mmoja na mstari wake, ukaacha weupe katikati hata upana wa punje ya mchele, hao ni wageni, hata kama wana watoto sita. Ukiacha mstari mmoja uwatumikie wote wawili, bega la huyu liishe palepale linapoanza la yule, hao wamekula chungu kimoja. Anayebeba, mstari wake unakandamizwa. Anayebebwa, wake unapita juu juu. Sikai nikapanga hayo. Mkono unayaandika kabla kichwa hakijaamua, na mara nyingi mkono unajua zaidi.

Walikuja ndugu wawili wa Kihindi wenye duka la vifaa vya ujenzi Mirongo, duka la tangu babu yao. Walibishana tangu mlangoni: nani akae kulia, nani ashike picha ya marehemu baba yao. Nikawaambia wakae wanavyokaa dukani, wabishane wanavyotaka, mimi nachora. Mkono ukawapa mstari mmoja, umeanzia bega la mkubwa ukaishia kiwiko cha mdogo bila kukatika. Mkubwa aliutazama muda mrefu. "Huyu mkorofi yuko karibu sana na mimi," akasema. Nikamuuliza, "Nimsogeze?" Akasema acha.

Basi mambo kama hayo yalinivimbisha kichwa. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilijihesabu kuwa ndiye mwenye macho Mwanza nzima. Sasa nitakuambia nilivyomfukuza wifi yangu nyumbani kwa penseli.

Baba yetu anakaa Kiseke kwa kaka yangu. Kiharusi kilimpiga miaka mitatu iliyopita, kikachukua upande wa kushoto na karibu maneno yote. Alibakiwa na machache: maji, hapana, ng'ombe, na mengine mawili matatu yanayokuja yanapotaka. Ng'ombe hana tena, aliwauza zamani alipohamia mjini, lakini neno lake alibaki nalo. Kaka ni dereva wa lori, leo yuko Kahama, kesho yuko Bukoba. Kwa hiyo aliyekuwa anabaki na baba ni mke wa kaka, yaani wifi yangu, Mkerewe mmoja mpole, mwenye maneno machache kuliko hata baba.

Mimi nilikuwa nakwenda kila Jumapili baada ya kanisa. Nabeba samaki sato mmoja, au michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, nakaa saa mbili, namlisha baba vijiko vichache, naulizia dawa kwa sauti ya ukali ili wajue nipo, naondoka. Mabatini nilikuwa nawaambia majirani kwamba namuuguza baba. Wananipa pole, naipokea. Leo nikikumbuka naona aibu, lakini wakati ule niliamini kabisa.

Kwetu mkwe ni mkwe. Sisi Wasukuma wa zamani, na baba ni wa zamani, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hakalii kiti chake, hamtazami usoni akizungumza. Wifi alikuwa anamsalimia baba kwa kupiga magoti mlangoni, macho chini, "Shikamoo, baba," na baba, kabla hajaugua, alikuwa anaitikia marahaba huku ametazama ukuta. Sheria hizo alifundishwa na shangazi, dada mdogo wa baba, anayekaa Magu. Shangazi ndiye mlinzi wa mila zetu. Hacheki ovyo, na akikohoa tu watu wazima wananyoosha migongo.

Jumapili moja baba alinyoosha mkono wake mzima, akaugusa mfuko wangu wa karatasi za kuchorea. Akahangaika na mdomo, mpaka likatoka: "Wote."

"Nikuchore na sisi wote, baba?"

Akaitikia kwa kichwa. Miaka yote ninachora koo za watu, na ya kwetu sikuwahi kuichora, na hajawahi kuniomba kitu. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kichongeo. Nikampigia shangazi, nikampigia kaka apange asiwe safarini, tukakubaliana Jumapili inayofuata.

Siku hiyo tulikaa uani, kwenye kivuli cha ukuta, karibu na tangi la maji. Baba aliwekwa kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, mito miwili nyuma. Shangazi kwenye kigoda, kulia kabisa. Kaka amesimama nyuma, ameshika mgongo wa kiti kama anashika usukani. Wifi nilimwambia asimame karibu na mumewe, lakini hakukaa hapo muda. Baba akiketi anaelemea kushoto, mito haimzuii. Kila alipoanza kudondoka, wifi alisogea, akapitisha mkono, akalizuia bega lake, akatulia hapo. Nikamwambia asiondoke, abaki hivyohivyo.

Nilichora kwa raha ambayo sikuwa nimeipata siku nyingi. Penseli ilikwenda yenyewe. Bega la baba lililokufa likashuka, likakutana na mkono wa wifi, na pale pote mkono wangu ukapitisha mstari mmoja. Niliukandamiza mpaka manila ikabonyea, kwa sababu ndipo palipokuwa na uzito wa picha nzima. Wifi alikuwa amejiviringishia kitambaa fulani kikuukuu mkononi. Nilikiona, nikakiacha. Nguo ni za mwisho. Nami nikajiweka kulia kwa baba, kwa kukisia, nikamaliza.

Shangazi akaja kutazama. Alivaa miwani, akaanza kwa kaka, akaja kwa baba, akasimama. Kidole chake kikaenda palepale kwenye ule mstari.

"Hiki nini?"

"Ni bega la baba, shangazi. Na mkono wa wifi."

"Lipi la baba na upi wa wifi? Mbona sioni mpaka?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mkwe na mkamwana, ngozi kwa ngozi, hawana nguo, na wewe utatundika ukutani watu waje wanywe chai chini yake? Haya ndiyo yanayofanyika humu mwanangu akiwa safarini?"

Ningesema tu kwamba nguo huja mwisho. Maneno matatu hayo yangetosha, ningecheka, ningeongeza mikunjo miwili ya kitenge, tungekula wali wetu. Lakini nimeshakuambia mimi ni mtu wa namna gani. Niliona anaingilia kazi yangu, anaukosoa mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora, hasira ikanipanda, nikasema:

"Shangazi, mimi nachora ninachokiona."

Neno likishatoka halirudi. Nilikuwa nimetetea penseli yangu, kumbe nimetoa ushahidi. Nilisema mbele ya mumewe na mbele ya mkwe wake kwamba nimeona kwa macho yangu. Kaka akatazama chini. Baba mdomo wake ulikuwa unahangaika na hakuna kilichotoka. Wifi alimweka baba sawa kwenye mto taratibu, akaingia ndani, akaleta chai, akamnawisha kila mtu mikono, mimi wa mwisho.

Kesho yake asubuhi alimwogesha baba, akampa uji, akamwambia mumewe anakwenda kwao Ukerewe, akapanda kivuko. Kaka alinipigia simu. Hakunigombeza. Alisema, "Njoo ukae na baba, nina mzigo wa Kahama," akakata.

Nikafunga banda. Nilikwenda Kiseke na begi dogo, nikijisemea kwamba siku mbili tatu wifi hasira zitamwisha, na kumuuguza baba nakujua. Niliyajua yale ya Jumapili.

Jumatatu mchana, bila kuuliza kama ameshaoga, nilichemsha maji, nikamvua baba nguo zote kama mtu anavyomvua mtoto, haraka haraka asipate baridi, nikachukua sabuni na dodoki. Akafumba macho. Nilidhani ni sabuni. Niliongea naye njia nzima, habari za mtaa, za bei ya dagaa, naye hakufumbua mpaka nilipomvalisha. Uji wa jioni alikunywa vijiko viwili.

Jumanne nilipoleta beseni akashika kaptura yake kwa mkono ule mzima na hakuachia. Nikamvuta kidogo, akashika zaidi. Nikamwambia, "Baba, utanuka." Alikuwa ananitazama, halafu anatazama nyuma ya mlango, ananitazama, anatazama nyuma ya mlango. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari, na kwenye msumari khanga kuukuu mbili, zimepauka hata maandishi hayasomeki. Sikuona cha maana. Katika kuvutana uji ukamwagika sakafuni. Nikachomoa khanga moja pale msumarini nikapangusia.

Baba alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwake. Nilidhani kiharusi kimerudi. Nikaliacha lile tambara, nikamshika uso, nikamwita. Akasema, "Hapana," neno zima, limenyooka. Akageukia ukutani.

Kuanzia hapo hakula. Jumatano maji tu. Alhamisi maji tu, na hayo mpaka nibembeleze. Nikamleta mtu wa zahanati, akampima, akaniambia presha si mbaya, lakini mzee wa umri huu asipokula hatachukua siku nyingi. Akaniuliza, "Yule mama anayemtunza yuko wapi?" Nikamwambia mimi ni binti yake. Akasema anajua, lakini yule mama yuko wapi.

Niliogopa. Sikuwa nimeogopa hivyo tangu mama alipofariki. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki, nikautoa mchoro, nikautazama. Ulikuwa mzuri bado, na hilo liliniudhi kuliko yote. Nilikuwa na hakika ule mstari ni wa kweli, na ukweli wake ulikuwa umemtoa nyumbani mtu pekee ambaye baba anakubali kula mkononi mwake.

Ijumaa kaka akarudi. Alimwona baba, akatoka nje, akakaa kwenye tairi la lori. Nikamweleza yote. Akasema, "Mke wangu simdhanii vibaya. Lakini nikimfuata mimi atajua nimetumwa na njaa ya baba. Wewe ulimtoa, mlete wewe." Alisema kweli. Jumamosi asubuhi nilipanda kivuko cha kwenda Nansio, Ukerewe, mchoro nimeukunja ndani ya bomba la plastiki.

Nilimkuta wifi nyumbani kwa mama yake, anageuza mihogo iliyoanikwa juu ya jiwe. Akaniona, akapiga magoti, "Shikamoo, wifi," maana namzidi umri sana. Nikaitikia. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinipa maji ya kunawa, akanipa ugali wa muhogo na furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, akasubiri nimalize. Ukitaka kumwadhibu mtu kama mimi, mlishe kwanza.

Nikasema, "Wifi, nimekosa. Nimekuja kukuomba radhi."

Akauliza, "Baba anakula?"

"Hali."

"Anaogaje?"

Nikamweleza. Nilivyomvua Jumatatu, alivyofumba macho, alivyoshika kaptura. Alikuwa anafagia makombo ya muhogo kwa kiganja, akaacha.

"Zile khanga za nyuma ya mlango?"

Ningeweza kudanganya, na kwa sekunde moja nilitaka. "Moja nilipangusia uji."

Wifi akalia. Katika miaka kumi na sita ya kuwa kwetu sikuwahi kuona chozi lake, hata kwenye msiba wa mama. Alilia bila sauti, amejifunika mdomo, mama yake akatoka jikoni, akatuona, akarudi jikoni.

Alipotulia akanieleza, akitazama mihogo na si mimi. Siku aliyoletwa kwetu kama bibi harusi, baba alimpa doti ya khanga, kama baba mkwe anavyompokea mkamwana. Alizitunza kabatini, akizivaa kwenye sherehe tu. Baba alipougua, kaka akawa safarini, mimi nikawa wa Jumapili, hakukuwa na mtu wa kumwogesha mzee. Alikaa siku nzima mlangoni hajui afanye nini. Amwache alivyo, ni dhambi. Amguse, ni aibu, zaidi kwake baba kuliko kwake yeye. Ndipo akazitoa zile khanga. Moja alimfunika baba kuanzia kifuani, na chini ya hiyo ndiyo alimvua, ndiyo alimwogesha, hajawahi kuuona mwili wake. Nyingine alijiviringishia mkononi. Akamwambia, "Baba, huu si mkono wangu. Hii ni nguo yako uliyonipa."

"Akasema nini?"

"Alisema marahaba."

Miaka mitatu. Kila siku asubuhi. Hakuwahi kumgusa baba kwa mkono mtupu hata mara moja, hata alipokuwa anadondoka, hata siku ile ya kuchorwa. "Ndiyo maana nilijifunga mkono," akasema. "Wewe ulikuwa unatutazama sana, nikadhani umeona."

Nilitamani jiwe lile linimeze na mihogo yake. Miaka yote najisifu nasoma watu kwa mistari, na jambo kubwa kuliko yote lililokuwa linatendeka nyumbani kwetu nililiita kitambaa kikuukuu, nikaliacha kwa sababu nguo ni za mwisho.

Nikamwambia nitarudi nimweleze shangazi kila kitu.

"Usimweleze," akasema. "Mdomo wako naujua, wifi." Na hapo kidogo alitabasamu. "Ulinisema kwa penseli. Nisafishe kwa penseli. Aone mwenyewe, nami nitarudi."

Nikautoa mchoro palepale, nikautandaza kwenye ungo uliogeuzwa. Nikaanza kuufuta ule mstari. Raba ilichukua weusi, lakini nilikuwa nimekandamiza mno. Mfereji ulibaki kwenye manila, ukiinamisha karatasi unauona. Nikasugua mpaka nyuzi za karatasi zikaanza kuinuka. Wifi akanishika mkono, kwa mkono wake mtupu, akaniambia nitaitoboa.

Nikaacha. Nikautazama ule mfereji muda mrefu, nikaona nilichopaswa kuona Jumapili. Mstari haukuwa na kosa. Ulikuwa mmoja kweli, na ulikaa palepale unapotakiwa, ila haukuwa ngozi ya baba wala ngozi ya wifi. Ulikuwa pindo la khanga. Nikaurudishia penseli. Kando yake nikapitisha mstari wa pili, mwepesi, ukizunguka mkono wa wifi, nikatia mikunjo pale inapobana kwenye kifundo. Nikamuuliza, "Pindo lake lina nini? Limepauka, sikuona."

"Korosho," akasema. "Na vitone katikati."

Nikazichora korosho ndogo ndogo, moja moja, kufuata bega la baba mpaka chini. Sijawahi kuchora kitu polepole namna ile. Mimi niliyekuwa nafundisha watu kwamba weupe katikati ni ugeni na mstari mmoja ni upendo, sikuwa na fundisho lolote kwa watu waliokaribiana hivi bila kugusana.

Tulirudi pamoja Jumapili asubuhi. Alipoingia chumbani baba alikuwa amegeukia ukuta. Wifi akapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, baba." Mzee hakugeuka upesi, mwili hauwezi, lakini mgongo wake ulitikisika, na nilisikia marahaba. Wifi akaichukua ile khanga niliyopangusia uji, niliyokuwa nimeifua siku ileile na kuirudisha msumarini, akaiviringisha mkononi, akashika kikombe cha uji. Baba alikunywa chote. Mimi nilisimama mlangoni, mahali pa mgeni.

Shangazi alifika mchana kwa wito wangu, amekaza uso. Sikusema kitu, nilikuwa nimekatazwa. Nikampa mchoro. Akavaa miwani. Kidole kikaenda palepale, kikasimama, halafu kikaanza kufuata korosho moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu vifaranga.

"Hii," akasema, "si ile doti ya korosho? Niliichagua mimi. Mirongo. Baba yako alinituma, akasema tafuta nguo ya kumpa mkamwana, isiwe ya ovyo."

Akainua macho. Wifi alikuwa anapita uani na beseni, na khanga yenyewe mkononi. Shangazi alimtazama akiingia, akamtazama akimfunika baba, akaona mlango ulivyoachwa wazi, kumbe ulikuwa unaachwa wazi siku zote, ili atakayepita apite na kuona. Akavua miwani.

"Nilisema vibaya," akasema. Hakumwambia mtu fulani, alisema tu, lakini kwa sauti ya kufika ndani. Kisha akauliza kama maji yamechemka, akainuka mwenyewe kwenda kuyachukua. Ukimjua shangazi, utajua hiyo ni hotuba ndefu.

Jioni, baba ameketishwa kwenye kiti, nilimpelekea mchoro autazame. Ulikuwa wake, na hajauona tangu tulipougombania. Niliuweka magotini mwake. Alipeleka kidole gumba kwenye pindo la khanga, akakaa nacho pale. Nilifurahi, nikaanza kumweleza kwamba wiki ijayo nitapaka rangi, bluu kidogo, na korosho nitazitia njano.

Kidole kikahama. Kikapita kifuani kwake mwenyewe, kikaenda kulia, kikafika kwenye weupe. Nilikuwa sijauona. Nakuapia, nilikuwa sijauona kabisa. Kati ya bega lake zima na mimi niliyejichora mwisho, kwa kukisia, palikuwa na nafasi ya vidole vitatu, nyeupe, na mistari miwili myepesi imetazamana, mmoja wake na mmoja wangu. Mkono ulikuwa umeandika kabla kichwa hakijaamua.

Baba akahangaika na mdomo. Nikangoja. Nilijua litakalotoka haliwezi kuwa maji wala ng'ombe.

"Mbali," akasema.

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anavyoomba maji. Nikamwambia tu, "Ni kweli, baba."

Wifi alikuwa nyuma yangu na beseni la maji ya kumpangusa baba kabla hajalala. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Aliliweka chini, akamfunika baba khanga ya kwanza, ya pili akaifungua mkononi mwake, akanipa mimi.

"Leo ni wewe, wifi," akasema. "Anza na mkono wa kushoto. Hausikii, lakini yeye anajua."

Nikaiviringisha mkononi, nikasogea.